Kurasa Alizoziruka Teresiah

Mwezi wa Mei madam, mwajiri wake, alimletea Teresiah vitabu vinne, vyote vya hadithi za watoto wanaokwenda kambini wakati wa likizo ndefu, akamwambia kazi yake ni moja: mwanawe Musab azoee. Musab alikuwa na miaka minane, hajawahi kulala nje ya nyumba yao ya Al Twar, Dubai, na Julai alitakiwa kwenda kambi ya watoto huko Uswisi kwa wiki tatu.

"Akienda, na wewe nenda kwenu wiki hizo tatu," madam alisema. "Asipoenda, khalas, basi, utabaki naye."

Teresiah hakuwa ameiona Ol Kalou, kwao Kenya, kwa miaka mitano. Alimwacha binti yake, Wangari, kwa bibi yake akiwa na miaka mitatu. Sasa mtoto alikuwa rika la Musab, meno ya mbele yameng'oka na mengine yameota, na mama mtu hajaona hata moja. Basi vile vitabu alivishika kwa mikono miwili.

Kila alasiri, jua la nje likiwaka vibaya, walikaa kwenye zulia akasoma. Tuseme ukweli, vitabu vyenyewe vilimchekesha. Watoto wa watu wanalipiwa walale kwenye hema, wale viazi vilivyoungua na waoge maji baridi! Kwao mambo hayo yalipatikana bure, na hakuna aliyejisumbua kuyaandikia kitabu. Lakini alisoma kwa mbwembwe, akaiga vyura na bundi, mpaka Musab, ambaye kusoma mwenyewe alikuwa mvivu, akaanza kuuliza ataondoka lini.

Shida ilikuwa sura ya tatu. Karibu kila kitabu kilikuwa nayo: usiku wa kwanza mtoto anamlilia mama yake, kisha kiongozi wa kambi anakuja kumwambia kwamba wote hulia, na siku ya tatu hupoa. Siku Teresiah alipoifikia, Musab alimshika mkono.

"Na mimi nitalia?"

Teresiah akaona likizo yake inaponyoka. Tena maneno yale hakuyaamini, maana yeye mwenyewe alikuwa amemaliza miaka mitano mbali na kwao na hajapoa.

"Wewe? Wewe mwanamume, hulii," akasema, akafunua kurasa sita kwa mpigo. Tangu hapo sura za namna hiyo hazikusomwa tena katika nyumba ile.

Musab akaondoka bila chozi. Madam akaitoa pasipoti ya Teresiah kabatini na kumkabidhi. Tiketi ilikuwa ya Jumanne. Teresiah akampigia Wangari simu, akapiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Jumatatu mchana kambi ikapiga simu. Musab alikuwa amejifungia bafuni tangu asubuhi, akilia. Walipomtoa, aliuliza kama ana ugonjwa. Walimwambia wenzake pia walilia, akakataa: alikuwa amesomewa vitabu vinne vizima, na hakuna mtoto hata mmoja aliyelia. Baba yake alikuwa tayari njiani kumfuata.

Teresiah aliyasikia hayo akiwa na pasi ya nguo mkononi. Angeweza kukiri. Hakukiri. Hata wa kumlaumu hakuwa naye, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Musab anakuhitaji," madam akasema, akanyoosha mkono kuidai pasipoti. "Mwakani, inshallah."

Jioni alimpigia Wangari, akamwambia:

"Mami, kesho sitakuja. Mtoto wa huku amekuwa mgonjwa."

"Ni sawa, Mum."

"Unalia?"

"Silii. Hata sikuwa nimeambia watu wa class unakuja."

"Kwa nini, mami?"

"Ile time ingine niliwaambia, na hukukuja."

Kisha akamwita shosho, bibi yake, aje achukue simu.