Mkanda Ulioshonwa kwenye Jicho la Mama

Tuliondoka Dagoretti asubuhi kwa sababu jicho la Mama lilikuwa limeanza kutoa usaha. Wiki chache nyuma retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ilibanduka, na madaktari mjini wakashona mkanda wa silikoni kulizunguka jicho ili ishikane tena.

Mimi si muuguzi. Niliyoyajua niliyasoma kwenye simu, kwa woga: kitu kigeni mwilini kikiingiwa na vijidudu, dawa hukifikia kwa shida. Basi nilichemsha vitambaa, nikanawa hadi vidole vikapasuka, na kila mgeni nikamnawisha mlangoni. Wamama wa kanisa walipokuja kumwombea, mmoja alinicheka.

"Haya daktari, na malaika wakija utawanawisha?"

Walinawa wote. Nilijisifu moyoni.

Barabara ya Ngong ilikuwa na ukungu. Jirani alituendesha polepole, harufu ya machinjio ikitufuata. Nilimuuliza Mama kama jicho linauma.

"Ukiniuliza tena litauma zaidi."

Mjini, daktari alilitazama kwa muda mrefu.

"Mama, umeweka nini hapa, mbali na dawa yangu?"

"Hakuna. Ni mafuta ya maombi tu, kwa kope. Na huyu kijana aliwanawisha wote, mpaka nikaona aibu."

"Na chupa ya mafuta?"

Chupa hiyo huzunguka nyumba kwa nyumba, mgonjwa kwa mgonjwa, na kila anayeomba huchovya kidole. Nilikuwa nimesimama karibu nayo, nikikagua kucha za watu.

Daktari hakumlaumu mtu. Alisema huenda ni mafuta, huenda siyo. Mkanda wenyewe waliuloweka kwenye dawa kabla ya kuushona, lakini kidonda kilikuwa hakijafunga. Vyovyote iwavyo, ulipaswa kutolewa.

"Ukitoka, retina itabaki mahali pake?" nikauliza.

"Sijui. Tutaingoja."

Waliutoa. Siku ya kurudi nyumbani mvua ilinyesha njia nzima. Nilijifunza, nimechelewa, kwamba niliogopa mikono ya watu na sikuogopa kitu walichokileta kwa upendo. Tulipokaribia Dagoretti giza lilikuwa limeingia. Mama alifunika jicho lisilougua kwa kiganja, akatazama nje kwa lile lililotolewa mkanda.

"Unaona nini?"

"Taa."

"Za magari ama za maduka?"

"Njuguna, wacha ziwe taa tu."