Mwandiko Wangu kwenye Karatasi ya Shule

Aliyemzuia binti yangu kusoma umeme ni mimi. Si baba yake, ambaye wakati huo alikuwa mgodini Kolwezi na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Ni mimi mama yake, fundi wa kushona, mwanamke aliyelisha nyumba kwa mikono yake mwenyewe na bado akawa na akili za kijinga kiasi hicho.

Cherehani yangu inatumia mota. Siku moja, binti akiwa darasa la nane, mota ilizima katikati ya gauni la bibi harusi, na fundi niliyemzoea alikuwa ameenda msibani Kasenga. Binti alisogeza vikombe pembeni, akaifungua juu ya meza ya kulia, akanionyesha vijiti viwili vyeusi vilivyolika hadi kubaki vipande.

"Mama, charbon njo imeisha," aliniambia.

Akaenda sokoni, akarudi na vipya, akavisugua kwa msasa mpaka vikaingia. Kabla chai haijapoa nilikuwa nashona tena. Wiki nzima nilimsifu kwa kila mteja aliyekuja kupimwa. Nilijivuna, kusema kweli.

Mteja mmoja, mama wa kanisani kwetu niliyemheshimu sana, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akakunja uso.

"Mama, mutoto mwanamuke na nsinga za courant, wapi na wapi? Bwana gani ataoa muke wa kupanda ku poto?"

Nilicheka naye, nikimwaza binti juu ya nguzo katikati ya nyaya za umeme. Lakini maneno yake yaliniganda moyoni, na kila nikimwona binti ameshika bisibisi nilimwona akizeekea nyumbani kwangu bila kuolewa.

Mwisho wa mwaka ule shule ilitoa karatasi za kuchagua tawi la masomo ambalo mtoto angelifuata mpaka diploma. Binti aliandika électricité, yaani umeme, kwa herufi kubwa, nami nikatia sahihi mbele yake. Kesho yake nilivaa kikwembe, kitenge changu cha sikukuu, nikaenda kwa prefe, mkuu wa shule, kumwomba binti abadilishiwe tawi. Nilikuwa nimejiandaa kubishana naye. Nadhani hata nilitamani anikatalie.

"Uko na raison, mama," prefe alikubali mara moja. "Kule kuko batoto banaume tu."

Akaitafuta karatasi, akanipa kalamu. Nikalikata neno la binti yangu, nikaandika couture, ushonaji.

Sikumwambia. Hapo ndipo ninapojichukia. Siku ya kubandika orodha nilimsindikiza shuleni, eti nimpe moyo. Alipitisha kidole kwenye orodha ya électricité kutoka juu hadi chini, akarudia mara ya pili. Kisha akaenda kwenye orodha ya couture, akalikuta jina lake. Hakulia. Njiani nilimwambia, kwa macho makavu, kwamba wakubwa wa shule wanajua wanachokifanya.

Leo ana karakana yake, na anashona kunishinda. Watu wananipongeza, nami naitika asante.

Mwezi uliopita nilimkuta amekaa, mikono mapajani. Mota yake ilikuwa imezima, na fundi aliyemwita alikuwa chini ya meza tangu asubuhi akivuta nyaya huku na huku. Binti aliinama sikioni kwangu.

"Ni charbon."

"Si umuambie?"

"Nilisha kumuambia, mama. Alicheka tu."

"Na weye mwenyewe hauwezi kufungua?"

"Baclients banione?" alinijibu, na kweli wateja wawili walikuwa kwenye benchi.

Basi nikamwambia fundi mimi. Kwa kuheshimu mvi zangu aliifungua mota, akavikuta vijiti vimekwisha. Akanisifu kwamba niko fundi kabisa. Nilisema si mimi, ni binti yangu, akadhani namtania.

Wateja walipoondoka sikuweza kuvumilia tena. Nilimwambia binti yote: yule mama wa kanisani, kikwembe, prefe, kalamu. Nilimwomba msamaha. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, na hakuuacha mpaka ulipopita.

"Nilijuaka, mama. Siku ileile ya orodha nilirudiaka ku shule peke yangu, prefe akanionyesha karatasi. Mwandiko yako naijua, njo ile unaandikiaka mesure za baclients bakikuja kupimwa."

Nilimuuliza kwa nini basi hakuniambia kitu miaka yote hii.

"Nilikuwa nangoja weye njo useme."