Meno ya Manjano

Petroli ya jenereta na vumbi lililopashwa moto: hiyo ndiyo harufu ya sebule yetu ya Bunia wakati wa vita. Baba alikuwa mwalimu, na jioni aliwapigia watu chapa mialiko ya harusi kwa kompyuta yake kuukuu, ambayo Mama alimaliza kusonga bugali kabla haijawaka. Mama alitaka inunuliwe nyingine. "Baba Furaha, ile mashini ilishakufa," alimwambia. "Unaivalisha nguo mupya ya nini?" Lakini Baba alikuwa mbishi, na aliipenda. Akamwagiza mjomba wangu, aliyenunua dhahabu Nizi na kuiuza Kampala, amletee kipande cha kuiongezea kumbukumbu tu, kile tunachokiita barete.

Mjomba alikileta asubuhi ambayo risasi zilikuwa zimeukaribia mtaa wetu, akaondoka mbio. Mimi na Mama tulikuwa tukifunga mizigo. Baba aliketi mezani, kompyuta wazi mbele yake, akisema ni dakika moja tu. Wapiganaji wakaingia. Mama alinivuta nyuma ya pazia la chumba na kuniziba mdomo kwa kiganja. Walijua shemeji yake Baba ni mtu wa dhahabu, na mwenye panga akaiona barete mkononi mwa Baba, na mstari wa vijino vya manjano ukingoni mwake, vinavyong'aa kama dhahabu.

"Zahabu yenye kubakia iko wapi?"

"Haiko zahabu ya kuuza," Baba alisema. "Iko rangi tu."

"Weye unaona siye batoto?"

Walimpiga kwa kitako cha bunduki. Wakaipasua kompyuta kwa panga, na ndani vikang'aa vinukta vingine vya manjano, na kwa kila kilichong'aa walimkata Baba. Damu ilijaa kwenye vitufe. Mwishowe mmoja wao alichoka kuuliza, akampiga risasi ya kifua. Waliondoka na barete, na kioo cha kompyuta pia wakakibeba wakidhani ni televisheni.

Mama hakuwahi kusema kwamba alimwambia Baba anunue nyingine. Mimi bado namchukia yule mwenye panga, na siku nyingine namkasirikia Baba kwa ile dakika moja. Leo nafanya kazi ofisini, Bunia hii hii, na kompyuta zinawaka kabla sijavuta kiti. Juzi, yangu ilianza kusuasua. Fundi, kijana mpole, akatoa bisibisi, akauliza kama tuiongezee kumbukumbu au tununue nyingine. Nilimwambia asiifungue, tununue nyingine.

"Mama, weye uko tajiri," aliniambia akicheka.

Nikamwacha aamini hivyo.