Kibakuli cha Uyoga Mbichi Ukweni

Aibu hii nilitaka nizikwe nayo, lakini kwa kuwa shemeji zangu wa Michenga wameshaisambaza hadi Ifakara mjini, bora muisikie kwangu mwenyewe niliyeanza nayo tumboni.

Nilikuwa nimetoka semina ya lishe Morogoro (siku tatu tu, ila nilirudi najiona daktari), nimebeba vibakuli viwili vya uyoga wa kahawia, zawadi ya kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa Anjela, mchumba wangu. Mama yake akaupokea vizuri, akaagiza karanga zitwangwe, na hapo ningenyamaza yangeisha. Lakini Anjela nilimtaka kufa na kupona, nikaona nimthibitishie mama kwamba binti yake anaolewa na msomi.

"Mama, ukiupika unapoteza vitamini. Huu unaliwa mbichi."

"Mbichi, baba? Kama mbuzi?"

Basi nikautafuna mbele yao huku nahesabu kwa vidole, protini, madini ya potasiamu, seleni na shaba, vitamini B za kila aina, mafuta karibu hakuna, na mjomba wa Anjela anatikisa kichwa, nami nikadhani ananikubali (kumbe ananisikitikia), nikamaliza kibakuli kizima.

Nusu saa haikuisha, tumbo likaanza kunguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Sasa, nilivyolelewa mimi, mkwe mtarajiwa siku ya kwanza haulizi choo, anajibana mpaka aage. Nikajibana. Mjomba akaniuliza ukoo wangu, nikamjibu nimesimama, jasho linanitoka, na nilipofika kwa babu mzaa baba nikaona sifiki kwa bibi, nikamgeukia mama mkwe mwenyewe, "Shikamoo mama" (nilishamwamkia asubuhi!), "choo kiko wapi?" Jibu sikulisubiri, nikatoka mbio, nikaingia kwenye banda la bata.

"Siyo huko!" Anjela akapiga kelele, na majirani wakasikia.

Niliporudi walikuwa wanakula wali na kile kibakuli cha pili, kimeungwa kwa karanga. Mama akanipa maji ya chumvi na sukari.

"Binti tutakupa, baba. Ila jikoni kwake usiingie na semina yako."

Virutubisho nilivyovitaja ni vya kweli, hapo sirudi nyuma hata hatua moja. Ila uyoga mbichi nimeapa sili tena, kwani hadi leo nikifika Michenga, mama mkwe haitikii shikamoo yangu kabla hajaninyooshea kidole choo kilipo.