Wimbo Mrefu na Feni ya Mashine

Shule yangu iliishia darasa la nne, na bado studio ya mtaa wa Rwambuzi niliijenga mwenyewe, godoro kwa godoro ukutani kuzuia kelele. Kwaya zote za mtaa wa Nyakasanza zilipita kwangu. Nasema hivyo nikiwa nimechoka, maana ile miaka ya amani nusunusu ilituchosha siye. Tulilala na viatu karibu, tukaamka kuulizana kama barabara ya Djugu bado iko wazi.

Kompyuta yangu ilikuwa na feni ya kuipoza, na feni ile ilinguruma kama kinu cha kusaga mihogo. Vumbi letu linaziba mashine na kuitia joto, kwa hiyo nilikuwa nimeifunga moja kwa moja kwenye kisanduku cha umeme cha ndani ya mashine, izunguke kwa nguvu zote. Kila nikirekodi naichomoa. Wimbo ukiisha, naichomeka tena. Ufundi wangu huo, sikufundishwa na mtu.

Ndipo akaja mama mmoja mzee aliyekimbia vita kule Djugu, anakaa kwa jamaa zake mtaa wa Bigo. Kesho yake alikuwa anapanda lori kurudi shambani kwake. Wajukuu wanabaki mjini. Alitaka kuwaachia wimbo wa kuwaita wafu wa nyumba yao, mmoja mmoja, kila mtu na kazi aliyokuwa anafanya.

"Nikikwama kule," akasema, "nani atawaita?"

Nikachomoa feni, akaimba amesimama, mikono ndani ya kitenge. Hakufika katikati, mashine ikazimika yenyewe. Joto. Tukangoja ipoe, akaanza upya, ikazimika palepale, alipofika kwa shangazi yake mfinyanzi wa vyungu. Sauti yake ilianza kukwaruza.

"Mama, ufupishe kidogo," nikamwambia.

"Nifupishe namna gani, mutoto yangu? Niache nani?"

Mke wangu alikuwa mlangoni na chai.

"Mukubwa wa mashine," akasema, "unaziba kitu pua, kisha unashangaa inazimia."

"Weye unajua nini?"

"Miye najua kupumua."

Nikafungua mashine. Juu ya lile bao kubwa la ndani, tunaliita karte mere, kuna vichomeo vidogo vya feni. Ukichomeka pale, bao linapima joto na kuamuru feni ikimbie au itembee. Nilishajaribu zamani, feni ikanguruma vilevile, nikasema hiyo ni urembo tu. Safari hii niliangalia kama mtu aliyebanwa. Kichomeo kilikuwa na meno manne, feni yangu nyaya tatu. Kumbe bao linapitisha amri kwenye waya wa nne, na waya huo kwangu haupo. Nikaichomeka pale, nikawasha, nikaingia kwenye ukurasa unaofunguka kabla mashine haijaamka, nikabadilisha: badala ya kutuma amri kwa waya, bao lenyewe lipunguze umeme wa feni. Feni ikashuka, ikashuka, mpaka ikawa kama mtu anayepumua usingizini. Hiyo niliitafuta kwa kichwa changu hiki.

Mama, aliyekuwa amekaa kitini, akanywa chai kidogo, akasimama, akaanza tena. Mimi kiganja juu ya chuma cha mashine. Akampita shangazi wa vyungu. Joto likapanda, feni ikaongeza mwendo. Nikauma midomo, sikuigusa. Akaita wachunga ng'ombe, akaita mkunga, akaita fundi wa mapaa. Wa mwisho alikuwa mtoto ambaye hakuwa na kazi bado. Huyo alimwita tu.

Tukasikiliza. Chini ya sauti yake, kuelekea mwisho, feni ilisikika.

"Hiyo nitaitoa," nikasema. "Naweza. Unipe siku mbili."

"Lori haingoje."

"Mama, miye kazi chafu haitoke hapa."

"Watoto watasikia nini?"

"Watasikia mashine kidogo."

"Watasikia mashine, watasikia na watu yao. Inatosha. Leta."

Nikamwekea kwenye kadi ndogo ya simu, awape wajukuu. Akaifunga kwenye pindo la kitenge, pale wengine wanafunga pesa, akatoka bila kugeuka.

Nikakaa kwenye kiti chake. Feni ilikuwa inashuka polepole, mashine inapoa. Chai yake ilikuwa imebaki nusu. Nikaimaliza mimi, baridi hivyohivyo.