Papa, Taa na Shavu Langu

Nilikuwa na miaka minane baba alipofariki, na njaa ikaanza hapo hapo. Jana mteja kafungua gunia la papa mkavu mezani kwangu, na harufu ile ikanirudisha Chwaka kwa shangazi yangu, muuza samaki wa chumvi, aliyenichukua wakati ule.

"Mie silishi mtu bure," alinambia. Akanifunga macho kwa kanga, akanipa vipande viwili vya samaki mkavu. "Papa yupi, taa yupi? Ukikosea, kesho unarudi kwa mamako."

Kwa mama hakukuwa na chakula. Vidole vyangu vilishakufa ganzi kwa kutia samaki chumvi tangu asubuhi, basi nikasugua vipande vile shavuni, upande wa ngozi. Vyote viliteleza. Nikavigeuza mkia mbele, ngozi ile ile, nikasugua tena. Kimoja kikanikwaruza kama msasa.

"Huyu papa!"

"Ehee! Na damu imekutoka, mjinga we."

"Shangazi, mbona wote hawana mifupa, gegedu tu?"

"Ndugu hao. Taa ni papa aliyekanyagwa."

Nikacheka, nikabaki kwake miaka kumi. Skuli yangu ilikuwa hiyo. Leo nina meza mbili sokoni, friza moja, nyumba ya vyumba vinne, na shavu hili, ambalo bado nalitumia mteja akinibishia kama ni papa au taa.