Mathe Aliyekubali Bei ya Kwanza

Nikisimulia kisa hiki watu huniuliza swali moja tu: siku hiyo nilikuwa nimekunywa nini. Chai ya rangi, ndugu yangu, maana maziwa yalikuwa yameadimika Kibera nzima. Wengine wakisikia mimi ni Mkamba wa Kitui huguna: "Si ni nyinyi ndio hutuma mizimu?" Hatukutuma chochote. Na usiniambie mizimu hutoka usiku. Huyu wangu alinihudumia mchana, jua likiwa utosini, na nadhani hata risiti angeniandikia kama ningeitaka.

Nilikuwa na chumba cha gemu pale Kianda, humohumo Kibera, na ndani yake kompyuta moja niliyoiunga mwenyewe kipande kwa kipande. Vijana walipanga foleni kucheza mpira kwenye skrini. Kisha uchaguzi wa 2007 ukaharibika, na hiyo hadithi unaijua, siirudii. Stima ikawa inapotea na kurudi inavyotaka, hadi siku moja ikarudi kwa hasira. Moshi kidogo, harufu ya plastiki, na mathe akafa.

Hapo nieleze. Ule ubao mkubwa ndani ya kompyuta, ambao kila kitu huchomekwa juu yake, wenye lugha yao waliuita mama. Sisi wa mtaani tukamwita mathe, kama tunavyowaita mama zetu. Na ile kadi ya kuchora picha, bila hiyo huchezi gemu ya maana, tunaiita mtoto, kwa sababu hukaa mgongoni kwa mathe. Yashike maneno hayo mawili. Ndiyo yaliyonivusha.

Odhiambo, kiongozi wa vijana wa Kianda, alikuwa ameelewana na wenzake wa Kambi Muru, mtaa jirani, kwamba Jumamosi wamalize ubishi wao kwangu, kwa mpira wa skrini badala ya mawe.

"Fundi," akaniambia, "Jumamosi hiyo mashini iwe inaongea."

"Na isipoongea?"

"Basi tutakuwa vijana wa pande mbili mlangoni kwako, na hatuna kazi."

Nikapiga hiyo hesabu. Nikairudia. Ikatoka ileile.

Maduka ya mjini yalikuwa yamefungwa. Palipobaki ni Kawangware, kwenye vibanda vinavyofungua kompyuta kuukuu za maofisini na kuuza viungo vyake. Nikaenda kwa miguu, nikiongea kidogo, maana siku hizo lafudhi yako ilikuwa kitambulisho. Nikiwa karibu kufika nikakuta barabara imezibwa kwa mawe, na vijana wameyakalia.

"Wewe, unaenda wapi?" akauliza mmoja mwenye rungu.

Kichwa kilikuwa kimejaa mambo ya kompyuta, nikajibu nilichokuwa nikiwaza. "Natafuta mathe."

Rungu likashuka.

"Mlipotezana lini?"

Ndipo nikaelewa walichosikia. Wakati huo wengi walikuwa wanatafuta mama zao kweli. Ningewasahihisha? Na rungu liko pale? Nikajipangusa uso tu. Ulikuwa na vumbi, niamini.

"Pole, bro," akasema, akanisogezea jiwe moja nipite. "Kuna mathe ameketi peke yake kule vibandani. Cheki, labda ndiye."

Vibanda karibu vyote vilikuwa na kufuli. Jamaa mmoja alikuwa akifunga mizigo ahame, akanionyesha mathe mwenye picha ndani kwa ndani, asiyehitaji mtoto. Nawajua hao. Ni wazuri kwa kuchapa ripoti ya kanisa. Ukiwawekea mpira, wachezaji hukimbia kana kwamba uwanja umemwagiwa uji. Akataja bei ya wizi, nikataja bei ya matusi, tukagombana vizuri tu, nikaondoka nimeburudika.

Kibanda cha mwisho kilikuwa wazi. Mama mmoja mwenye kitambaa cha manjano kichwani alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Hakuniita. Mbele yake, juu ya meza, mathe safi kabisa, na mtoto wake mgongoni.

"Habari, mama."

"Mzuri, mwanangu. Umekula?"

Ni muuzaji gani wa viungo vya kompyuta anayeanza hivyo? Nikasema nimekula, uongo, nikamtolea kadi yangu ya zamani, iliyopona ile hasira ya stima. Mpango wangu ulikuwa kununua mathe atakayeipokea, nisinunue mtoto mpya. Akaigeuza, akatazama meno yake ya kuchomekea.

"Huyu mtoto ni wa AGP, mtindo wa zamani. Huyu mathe wangu ni wa PCI Express. Mgongo wake haumjui."

"Basi niuzie mathe peke yake. Mtoto nitatafuta kwingine." Huo ni ujanja wa zamani: vunja bidhaa vipande, kila kipande kikose nguvu.

"Siku hizi sitenganishi mama na mtoto," akasema. "Wametenganishwa wa kutosha."

Hapo nilijifanya nakagua ubao kama kuna kilichovimba. Hakukuwa na kilichovimba. Nikataja bei.

Sasa elewa kwetu mambo yalivyo. Bei ya kwanza si bei. Ni salamu. Unataja kitu cha aibu, muuzaji anakuuliza kama mama yako anajua umetoka nyumbani, na hapo ndipo mnaanza kufahamiana. Nilitaja bei ambayo hata ndugu yangu wa damu sijawahi kumwambia. Nikangoja nitukanwe.

"Chukua," akasema.

Jua lilikuwa utosini, lakini nilifunga vifungo vya shati hadi shingoni.

"Nichukue tu?"

"Chukua. Na hiyo kadi yako iache, mwanangu ataitafutia kazi."

Nikahesabu pesa mezani. Hakuzigusa. Nikazihesabu tena kwa niaba yake, maana mtu lazima ahesabu. Hakutazama. Nikakumbuka tulivyoambiwa tangu utotoni, ukimshuku mtu kagua miguu yake kama ni kwato. Nikainama kama ninayefunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa gambuti. Gambuti, jamani, kiangazi.

Kwenye mawe, yule wa rungu alinisubiri. "Umempata mathe?"

"Nimempata."

Akatazama nyuma yangu. "Yuko wapi?"

"Kwa mkoba."

Walisimama wote. Niliufungua ule mkoba upesi kuliko nilivyowahi kufungua kitu chochote. Yule kijana akamgusa mathe kwa ncha ya rungu.

"Huyu ndiye ulikuwa unamlilia hapa?"

"Na mtoto wake."

Walicheka hadi wakakalia tena mawe yao. Nikawaambia habari ya Jumamosi, na mmoja akauliza kama hata wao wanaweza kuja.

Jumamosi mathe aliamka kwa mlio mmoja mfupi, na picha ikatoka safi hadi majani ya uwanja ukayaona. Kambi Muru walishinda. Kianda wakakataa matokeo, wakadai refa wa kompyuta amehongwa, wakataka mabao yahesabiwe upya. Nikayahesabu mara mbili, ikawa vilevile. Odhiambo alikuwa akilalamika huku anacheka, na chumba kizima kikacheka naye, wa huku na wa kule. Nilikuwa sijasikia sauti hiyo tangu Krismasi.

Ila mimi nilikuwa nimeona kitu. Mashabiki wa gemu za siku hizo walikuwa kama makaratasi yaliyokatwa, wote wanaruka pamoja. Nyuma ya goli la kulia, mmoja alikuwa ameketi. Kitambaa cha manjano, mikono mapajani. Nikafuta skrini. Akabaki.

Ungefikiri nilikaa mbali na Kawangware. Hapana. Wakubwa wa siasa walipopeana mikono na barabara zikafunguka, nilirudi mbio, kwa sababu moja tu: muuzaji anayekubali bei ya kwanza si wa kuwaachia wengine. Nilitaka mathe wa pili.

Nikamkuta kijana anapambana na kufuli ya kile kibanda, imeshika kutu. Jina lake Wafula. Alikuwa ameshuka kutoka Bungoma asubuhi hiyo. Alimpeleka mama yake kumzika kabla ya uchaguzi, akakwama huko magari yaliposimama, na ufunguo alikuwa nao mfukoni muda wote.

"Haiwezekani," nikamwambia. "Mama mmoja aliniuzia hapa."

"Mama gani?"

Nikamweleza kitambaa, kiti, gambuti. Akawa ananiangalia kama tapeli, na sikumlaumu. Kisha nikafika kwenye bei. Niliposema alikubali ya kwanza, Wafula aliacha kufuli.

"Alisema nini?"

"Alisema, chukua."

Kijana alicheka hadi machozi yakamtoka, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. "Ni yeye. Nilikuwa nikimwachia kibanda nikienda msalani tu, narudi nakuta ameuza kitu kwa bei ya mkate. Nilimfunza kila kiungo. Kupatana bei kulimshinda."

Kufuli ikafunguka. Vumbi kila mahali, isipokuwa umbo moja la mraba mezani. Kando yake, kadi yangu, na juu ya kadi, pesa zangu. Nikazihesabu mara mbili. Zilikuwa kamili, na zilikuwa kidogo mno.

Nikaongeza. Mimi, mwenyewe, bila kuombwa.

Wafula alikuja Kianda kumwona mama yake. Alisimama mbele ya skrini hadi kipindi cha pili. "Hata kanisani hukaa hivyo," akasema, akaomba chai.

Mathe hajaharibika, na sijamtenganisha na mtoto wake, ingawa kadi bora zimetoka. Hasara niliyopata ni nyingine. Tangu siku ile niliyoongeza, siwezi kupatana bei. Nafungua mdomo nikatae, linatoka "sawa." Mama mboga wa Kianda huniuzia nyanya kwa bei aitakayo, ananiita kastama wa dhahabu.

Kwa hivyo sikiliza. Ukitaja bei ya aibu na muuzaji akakwambia chukua, usishike mkoba kwanza. Muulize kama amekula. Na ulipe bei ya haki wewe mwenyewe, hapohapo, kabla deni hilo halijaanza kukulipisha kwa nyanya.